Mmea Hauolewi na Kochi

Mtu akiamua kuweka maua ya ndani, swali lake la kwanza huwa hili: ni mmea gani utaendana na makochi? Jibu ni kwamba makochi hayahusiki. Kuleta mmea nyumbani ni kuleta bibi harusi, na bibi harusi huyu haolewi na kochi, wala pazia, wala lile zulia la manyoya mbele ya televisheni. Anaolewa na dirisha. Dirisha ndilo litakalomlisha mwaka nenda mwaka rudi. Kochi litakaa pembeni kama wifi, likitoa maoni. Kwa hiyo kabla hujapeleka posa kwa muuza maua wa kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam au ya Ngong jijini Nairobi, chunguza kwanza ukoo wa dirisha lako.

Ukoo wa dirisha

Mshenga wako ni kiganja chako. Saa sita mchana zima taa zote, nenda pale unapotaka mmea ukae, weka karatasi nyeupe chini na unyooshe mkono juu yake. Kivuli kikitoka cheusi, vidole vyote vinahesabika, una mwanga mkali. Kikitoka hafifu, kingo zimetawanyika, una mwanga wa wastani, na mimea mingi ya ndani itaridhika nao. Kisipoonekana kabisa, hapo pana giza, na usibishane na mshenga. Wengi hubishana kwa sababu jicho la binadamu hulizoea giza upesi na kuliona mwanga. Jani halizoei. Linapika chakula chake kwa mwanga, na kona iliyo hatua nne tu kutoka dirishani hupata sehemu ndogo sana ya kinachofika pale kizingitini.

Kisha uliza dirisha linatazama wapi. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani itakuambia kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwao ni kweli, maana jua la adhuhuri hukaa upande wao wa kusini mwaka mzima. Kwetu jua lina wake wawili na linagawa zamu. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huhamia kusini. Tena hata likiwa zamu ya kusini halishuki sana, hupita karibu na utosi, na paa la baraza hulizuia lisiingie ndani. Ndiyo maana katika nyumba zetu madirisha ya kuchunguzwa zaidi ni ya mashariki na magharibi. La mashariki huleta jua la asubuhi, jua pole la kulea. La magharibi huleta jua la saa tisa na saa kumi, lile linalopausha pazia na kubabua majani. Ukishajua haya, sasa tunaweza kuzungumza mapambo.

Sebule ya makochi makubwa

Unaijua. Makochi ya maruni yamekaa kuta tatu, kila egemeo limevikwa kitambaa cha kudarizi. Kabati la vioo limebeba seti ya vikombe ambayo hutoka siku ya Idi au Krismasi. Dirisha lina mapazia mawili, jepesi na zito, na lile zito halifunguliwi ili jua lisiharibu makochi. Ni sebule yenye heshima na mimi naipenda kwa dhati, kwa sababu ndimo mabinti huposwa na ndimo ndugu waliogombana huketishwa wakapatanishwa. Lakini saa sita mchana ni gizani.

Mchumba wa sebule hii tunaye, na ni wa kwetu. Kitabuni anaitwa Zamioculcas, wauza maua humwita ZZ. Majani yake ni mazito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na bila hata kumfuta anaonekana ametoka saluni. Asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwamo, hadi Afrika Kusini. Chini ya udongo ana viazi vinavyohifadhi maji, maana kwao hupitia kiangazi cha miezi. Wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kumzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo yumo maofisini dunia nzima. Huku kwetu kuna watu wanaomnunua kwa bei kubwa wakiamini ametoka Ulaya, ilhali ndugu zake wako porini Pwani. Mwagilia mara moja kwa wiki mbili au tatu, na msimu wa mvua ngoja hata muda mrefu zaidi ya huo. Anayekufa mikononi mwa watu hafi kwa kiu, hufa kwa kunyweshwa kila siku na mtu mwenye huruma.

Na kwa kuwa tumetaja upatanisho, sebule hii inastahili pia sale. Wachaga wanalijua: jani la sale hupelekwa kwa mtu uliyemkosea kuomba msamaha, na masale yenyewe hupandwa mipakani mwa viunga ili watu wasigombee ardhi. Wataalamu wanaiita Dracaena fragrans, na kwenye maduka ya maua ya Ulaya huuzwa kama mmea wa pembeni mwa kochi, kisiki kimoja kirefu chenye shada la majani juu. Unavumilia mwanga hafifu. Nina hakika sebule yenye wajomba wengi inauhitaji kuliko saa ya ukutani.

Ikiwa kiganja kimekataa kabisa kutoa kivuli na pazia zito halitaguswa, nunua maua ya plastiki bila kuona haya. Yaoshe kwa maji ya sabuni kila mwezi. Maua ya plastiki yenye vumbi huishusha hadhi sebule kuliko meza tupu.

Nyumba ya mawe

Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, Mji Mkongwe wa Zanzibar: nyumba ya mtindo huu ilikwisha kupangiwa mimea yake karne nyingi zilizopita, na kazi yako ni kutoiharibia mpango. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilijengwa kuzuia joto, na pamoja na joto zikazuia mwanga. Zile zidaka nzuri za ukutani si mahali pa chungu cha maua. Zilitengenezwa kwa ajili ya sahani na bakuli za kauri, nazo ndizo zinazozipendeza. Ukitia mmea ndani ya kidaka, utakuwa umemfungia bibi harusi kabatini, na maji yakichuruzika chokaa itabambuka.

Mimea ya nyumba hii hukaa uani, pale katikati palipo wazi kwa mbingu. Mwasumini na mrehani wanataka jua, wape ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Ukiwa nao hao wawili, kikuba cha harusi kinaanzia nyumbani kwako, na harufu yake huingia vyumbani jioni yenyewe, bila udi. Penye kivuli cha ukuta weka impatiensi, yale maua laini ya waridi, meupe na mekundu yanayochanua mfululizo. Huu nao ni mmea wa Afrika Mashariki. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alikuwa akipeleka mimea bustani ya Kew, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akauita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Jina hilo baadaye lilibadilishwa, lakini mwenye nyumba ya Mji Mkongwe ana haki zote za kumwambia mgeni wake kwamba ua lile pale chini liliwahi kubeba cheo cha kifalme.

Nyumba nyeupe

Sasa tufike kwenye fleti mpya. Dari la jipsamu lenye ngazi mbili, mkanda wa taa za bluu unaozunguka, vigae vinavyong'aa hadi mtoto anaogopa kukimbia, kochi la kijivu, ukuta mmoja mweusi. Mwenye nyumba ameona picha, na ndani ya picha kulikuwa na mtini wa majani mapana, Ficus lyrata, umesimama kando ya kochi la kijivu kama lake. Ameutaka.

Uonee huruma mtini huu. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi, ambako hukua ukawa mti wa kukalia chini yake. Unataka mwanga mwingi, unataka kukaa mahali pamoja, na ukihamishwa kutoka kitaluni kuja kwenye kona yenye kiyoyozi hudondosha majani kwa hasira. Usiuchukue isipokuwa una dirisha kubwa la mashariki na moyo wa kuuacha ulipo. Zile taa za darini haziulishi. Ni hafifu mno, zinatosha kupigia picha tu.

Nyumba nyeupe inapenda mistari iliyonyooka, na mwenye mistari iliyonyooka ni sansiveria. Majani yake husimama wima, magumu, yenye milia, hayatawanyiki wala kutambaa. Sansiveria inayouzwa zaidi ni ya Afrika Magharibi, lakini jamaa zake wamejaa katika nyika za Kenya na Tanzania, na watu wa kale walisokota kamba kutokana na nyuzi zake. Weka tatu za vimo tofauti kwenye vyungu vya rangi moja, kisha acha. Kuacha ndiyo sehemu ngumu kwa wapenda mtindo huu.

Ukitaka kitu cha kijasiri zaidi, mnyaa, ule ule wa maboma ya Dodoma, ni sanamu hai mbele ya ukuta mweupe, mradi kuna jua. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Vaa glavu ukiukata, na kama kuna mtoto mdogo nyumbani, uache uendelee kulinda boma. Kwa chungu cha kuning'inia ipo Rhipsalis baccifera, dungusi lisilo na miiba ya kuchoma, linaloning'inia kutoka kwenye miti ya misitu yetu ya mvua. Dungusi karibu yote ni ya bara la Amerika, hili pekee ndilo linaloota lenyewe pia Afrika. Mgeni akiuliza, mwambie hivyo na umtazame akisogea kulitazama upya.

Katika nyumba hizi ndimo husikika zaidi kwamba mimea husafisha hewa. Chanzo ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambapo B. C. Wolverton na wenzake waliweka mimea ndani ya visanduku vidogo vilivyozibwa na kupima kemikali zikipungua. Sebule yako si kisanduku kilichozibwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za namna hiyo na kukokotoa kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifanye kazi ambayo hewa ya kawaida inayopita ndani ya jengo inaifanya tayari. Kwa mimea elfu kwa mita ya mraba, kochi la kijivu litalala nje. Fungua dirisha, na penda mmea kwa sababu ni mzuri.

Chumba kimoja

Kitanda, meza, jiko la gesi, ndoo ya maji, pazia linalogawa usingizi na sebule, na dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu. Hapa hakuna nafasi ya sakafuni hata kidogo, na ndiyo sababu mwenye chumba ana bahati: kila kitu kiko karibu na dirisha. Chukua ule mtambaa wa majani ya moyo yenye mabaka ya manjano, ambao watu huuita mmea wa pesa. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea huko Polinesia. Kipande chake kimoja ndani ya chupa ya maji kinatosha, kiwe na kifundo kimoja kilichozama, maana mizizi hutokea kwenye kifundo. Kiking'ang'ania nondo, kielekeze kwa uzi kitambae kuelekea kona ya kitanda, na baada ya msimu mmoja una pazia la pili bila kulipa fundi. Sijawahi kuona ukimletea mtu pesa, lakini kwa gharama yake ndogo haukudai pia.

Tahadhari moja, na hii naisema kwa uzito wote. Mmea wa pesa, ZZ, monstera na hasa difenbakia, ule wa majani makubwa yenye madoa meupe uliojaa kwenye sebule zetu, ina fuwele kali ndani ya majani na shina. Mtoto akiitafuna, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Penye anayetambaa, mimea hii hupanda juu ya kabati au hungoja miaka miwili.

Nyumba ya milimani

Kwa anayeishi Lushoto, Arusha, Nairobi, popote penye asubuhi za baridi, sebule ya mbao, kitambaa cha meza na chai ya maziwa, kuna mmea mmoja ambao ningependa kuuona katika kila nyumba, nao karibu hatuna. Ni mdogo, majani yake yana manyoya laini, maua yake ya zambarau yana kitovu cha njano. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, aliupata na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaupa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Wajerumani hadi leo huuita ua la Usambara. Umezalishwa kwa maelfu ya aina, umekaa madirishani Berlin na Chicago zaidi ya karne moja, na bibi wa Wisconsin anaweza kuwa nao kumi wakati mtu wa Muheza hana hata mmoja, ilhali msitu uliouzaa unaonekana kutoka mlangoni kwake.

Siri ya kuupenda iko kwenye makazi yake. Porini unaota juu ya miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja. Mwanga wa chini ya msitu unafanana sana na mwanga wa chumba chenye dirisha la mashariki. Hii ndiyo sababu watu wa misituni kama huyu, na sale pia, wanaoleka kwa urahisi na nyumba za binadamu. Usiumwagie maji juu ya majani, hasa maji baridi, utayaacha na madoa. Weka chungu chake juu ya sahani yenye maji kidogo, kinywe kutoka chini kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Dar es Salaam ya Januari itauchosha. Milimani utachanua karibu mwaka mzima. Nunua uliozalishwa kitaluni. Aina kadhaa za porini ziko hatarini kutoweka, na anayekwenda Amani, huko Usambara, kuyaona maua haya arudi na picha.

Mahari

Mahari ya mmea ni tundu. Chungu kisicho na tundu chini ni kaburi lililopakwa rangi, hata kiwe cha kauri ya bei gani. Kama umekipenda, panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu kisha uliingize humo. Bibi zetu wanaopanda kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka barazani wanashinda maduka mengi kwa sababu hii: kopo linavuja, na baraza ina mwanga mwingi usio na jua kali. Kikapu cha ukindu kinapendeza sebule yoyote, ila weka sahani ndani yake, ukindu ukiloa huoza.

Udongo usiwe ule mfinyanzi uliochota uani. Changanya udongo mweusi, mchanga, samadi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Pwani makumbi ni ya bure na yanashika unyevu bila kuzamisha mizizi. Kumwagilia usifuate kalenda. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, weka jagi chini uende ukafanye jambo jingine.

Sahani ya chini ya chungu imwagwe kila baada ya siku tatu, na maji ya ile chupa ya dirishani yabadilishwe kila wiki. Mbu wa homa ya dengue hutaga kwenye maji machache kama hayo, na ndani ya siku kama kumi mayai yamekwisha kuwa mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Hakuna mtindo wa mapambo unaomjumuisha mbu huyo.

Mmea ukikubali nyumba, jirani ataomba kipande, na usimnyime. Wa pesa mkatie penye kifundo. Sansiveria igawe kutoka shinani, kwa kuwa ile yenye kingo za njano ukiikata jani moja na kulipanda, watoto wake watatoka kijani kitupu na jirani atadhani umemdanganya. Ua la Usambara mpe jani lenye kikonyo chake, achomeke kikonyo kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. ZZ nayo huota kutoka kwenye jani moja tu, lakini kwa mwendo wa miezi, kwanza jani likitunga kiazi kidogo gizani ndipo lichipue. Mwambie mapema asilifukue kila Jumapili kutazama.